Kwa vijana wa Malindi mnaotafuta kazi ya usalama kazini

Wanangu,

Majuzi nilipita kwenye mjengo wa ghorofa huku kwetu, nikasimama. Mafundi wako juu ya jukwaa la boriti za mkoko, zimefungwa kwa kamba ya katani iliyokwisha kuliwa na hewa ya bahari. Chini kivulini ameketi kijana wa jaketi la riflekta na kofia nyeupe, anatia tiki kwenye fomu. Nikamuuliza, "Mwanangu, umepanda huko juu ukaangalia?" Akanijibu kuwa yeye ana cheti. Siku ya tatu kibarua akaanguka. Amevunjika nyonga, na mkewe ni mja mzito.

Nimekasirika, na sifichi.

Mnanijia barazani mkiuliza kazi hii mtaipataje na uzoefu hamna. Wengine mmeshawauzisha wazazi mbuzi na minazi ili mlipie kozi ya NEBOSH, ile ya cheti cha Uingereza cha usalama kazini. Cheti kina wakati wake, na waajiri wakubwa watakidai. Lakini hakimfundishi macho mtu asiyetaka kutazama.

Mimi nilianza kwenye mashamba ya chumvi upande wa Gongoni, kibarua wa kubeba magunia. Nilinunua daftari la shule, nikawa naandika kila kilichotaka kuumiza mtu kikamkosa: ubao ulioteleza, mkanda wa pampu usio na kinga, mwenzangu aliyeingia maji ya chumvi bila buti, nyayo zimepasuka. Tarehe, saa, mahali, na nini kifanywe. Msimamizi alinichukia. Kisha mtu akakatwa vidole na pampu ile ile, mkaguzi wa serikali akaja, akauliza nani alijua. Daftari langu likasomwa mbele ya wote. Mwezi uliofuata nikaondolewa kwenye magunia, nikapewa kukagua mashine. Vidole vya mwenzetu havikurudi, na hilo linaniuma hadi leo.

Basi anzeni pale mlipo, hotelini, gatini, gerejini. Kanuni za kamati za usalama kazini za mwaka 2004 zinataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wawakilishi wa wafanyakazi wenyewe. Ombeni wenzenu wawachague. Hapo hakuna atakayekuuliza uzoefu, na ukitoka unao.

Someni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Jifunzeni huduma ya kwanza. Jifunzeni kuandika ripoti ya ukurasa mmoja inayoeleweka.

Na sisi wazee tuna lawama. Mtu akianguka twasema "ajali haina kinga", twasoma dua, tajiri anatoa gunia la unga, yamekwisha. Kudra ya Mungu naiamini, lakini ile kamba iliyooza ilifungwa na mtu, na mtu mwingine akaipitisha. Aliyeumia ana haki ya fidia kwa sheria ya WIBA ya 2007, yaani sheria ya fidia ya walioumia kazini, na dai hupelekwa ndani ya miezi 12. Ni nyumba ngapi hapa Malindi zinalijua hilo? Mwambieni mke wa yule kibarua kabla muda haujampita.

Na wewe kijana wa kivulini, kama barua hii imekufikia, njoo barazani kwangu Shella baada ya alasiri. Sitakugombeza tena. Nitakuonyesha namna ya kukagua kamba, kisha twende tukapande sote.

Mzee wenu,
Malindi