Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze hali ya chama chetu cha redio za ridhaa kwa ukamilifu. Nitaieleza, ila sehemu kubwa ya taarifa hii ni antena ya ripita, yaani ile redio ya mnarani inayopokea sauti zetu na kuzirusha tena mbali zaidi, kwa sababu huko ndiko zilikokwenda fedha zetu, Jumamosi zetu na ugomvi wetu. Mengine nayapitia upesi. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka uliotangulia, na Mweka Hazina atasoma mahesabu mwenyewe. Darasa la wanaojiandaa kwa leseni linaendelea. Wale ambao leseni zao za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zinakaribia kwisha wasingoje kukumbushwa. Chama hakina namna ya kumtetea mtu anayerusha mawimbi bila leseni hai.

Sasa ripita. Masika ilipoanza, wenzetu wa Pangani na Muheza walilalamika kwamba wanaisikia vizuri kwenye megahezi 145.700 inakorushia, lakini yenyewe haiwasikii kwenye 145.100 inakosikilizia. Mwenye redio ya gari ya wati 50 alipenya, mwenye redio ya mkononi ya wati 5 aliita mpaka akachoka. Mita ya SWR, inayoonyesha ni kiasi gani cha mawimbi kinarudishwa na antena badala ya kurushwa (1 maana yake hakirudi kitu), ilisoma 1.7 chini ya mnara, na hapo zikazaliwa kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema antena ni nzima, redio ipelekwe kwa fundi. Kambi ya pili, ambayo nilikuwamo, ilisema mita haisemi kweli.

Naomba hili lieleweke vizuri, maana litatusumbua tena. Kebo iliyoingiwa na maji hula mawimbi yakipanda na huyala tena yakirudi. Chukua kebo inayopoteza desibeli 6: robo tu ya nguvu ndiyo inayofika juu. Hata kama antena imekatika kabisa na kila kilichofika kimerudishwa, safari ya kushuka nayo inapoteza desibeli 6 nyingine, na mita ya chini inaona sehemu moja kati ya kumi na sita ikirudi. Hiyo ni SWR ya karibu 1.7. Yaani unaweza kupata kipimo cha kuridhisha bila kuwa na antena! Tulipopanda na kufungua konekta ya juu, maji yalichuruzika. Ilikuwa imezungushiwa tepu nyeusi ya umeme peke yake, na juu yake silikoni ile yenye harufu ya siki. Silikoni hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi inakula shaba. Kuanzia sasa tunatumia utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe, kisha tepu nyeusi juu yake kuukinga na jua.

Antena yenyewe nayo ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari, haikufaa kukarabatiwa. Kwa bahati tulipewa nyingine na kampuni iliyoacha kutumia redio zake za zamani: dipoli nne zilizokunjwa, yaani vitanzi virefu vya bomba vyenye urefu wa karibu nusu wimbi, kwenye mlingoti mmoja, zilizotengenezwa kwa masafa ya megahezi 155 hivi. Sisi tunafanya kazi kati ya 144 na 146. Nusu wimbi kwenye 155 ni kama sentimita 97, kwenye 145.7 ni karibu 103. Kwa hiyo kila dipoli ilirefushwa kwa takriban sentimita sita, tatu kila upande. Tulikata mabomba yote mawili ya kila kitanzi na kuunga kwa vipande vya aluminiamu vinavyoingia ndani ya bomba, vikakazwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Nafasi kati ya dipoli na dipoli nayo ikaongezwa kwa uwiano uleule.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kebo zinazogawa nguvu. Wapo waliosema ziachwe: robo wimbi ndani ya kebo ya kawaida ni sentimita 32 kwenye 155 na 34 kwenye masafa yetu, sentimita mbili zina nini? Pengine hazina mengi. Lakini shaba ndani ya zile kebo ilikuwa imegeuka kijani, na mtu hafui shati akaliweka kwenye kapu la nguo chafu. Tulizitengeneza upya kwa kebo ya omu 75 (omu ni kipimo cha ukinzani), zikikatwa kwa robo wimbi tatu au tano ili zifike. Dipoli ya omu 50 ikipita humo inaonekana kama omu 112. Mbili zikiunganishwa zinakuwa 56. Zikipita tena kwenye kebo kama hiyo zinakuwa 100. Jozi mbili zikikutana tunarudi kwenye 50, ambayo ndiyo redio inayoitaka. Waliohudhuria siku ile wanakumbuka pia dipoli zilivyopakwa rangi nyekundu upande mmoja. Rangi ile inaonyesha upande unaofungwa waya wa kati wa kebo. Dipoli moja ikifungwa kichwa chini, mawimbi yake yanapingana na ya wenzake, na mita haitakwambia.

Tuliipima ikiwa imeelekezwa juu, mbali na mapaa ya bati, kabla ya kuipandisha. SWR ilikuwa chini ya 1.5 kuanzia 145.0 hadi 145.8, maana yake kinachorudi hakifiki asilimia 4. Safari hii tulipima kwenye antena yenyewe, si mwisho wa kebo ndefu. Wa Pangani sasa wanaingia kwa redio ya mkononi wakiwa barazani.

Jambo la usalama nalisema mara moja. Hapandi mtu mnarani bila mkanda kamili wa usalama, bila mwenzake chini, na bila redio kuzimwa na aliye chini kuushika ufunguo wa chumba. Kamba ya katani si mkanda wa usalama, hata kama babu yako alikwea minazi kwayo.

Limebaki moja, na ni la kupigiwa kura leo. Kebo kuu tuliyofunga kwa muda, mita 40, ni ile nyembamba ya RG-213. Inapoteza kama desibeli 3.4, hivyo wati 25 zinafika juu zikiwa 11 na kidogo. Kebo ya shaba ya mikunjo ya nusu inchi ingepoteza karibu desibeli 1.1 na kufikisha wati 19. Bei yake ni kubwa, sifichi. Kuna waliopendekeza kebo ya kati, yenye karatasi ya aluminiamu chini ya wavu wa shaba. Kwa redio ya nyumbani ni nzuri. Kwa ripita, inayorusha na kupokea kwa wakati mmoja kwa tofauti ya kilohezi 600 tu, metali hizo mbili zikisuguana huzaa mikwaruzo inayoziba sikio la mpokeaji. Kamati inapendekeza ile ya nusu inchi, pamoja na waya mpya wa kushusha radi ardhini, kazi ifanyike kabla ya masika. Makadirio ya gharama yako ukurasa wa mwisho wa makabrasha yenu.

Nawasilisha.

Mwenyekiti