Barua ya wazi kwa Msemaji Mkuu wa Serikali: Majibu tunayasikia, maswali hatuyasikii

Ndugu Msemaji Mkuu wa Serikali,

YAH: MASWALI YASIYOSIKIKA KATIKA MIKUTANO NA WAANDISHI WA HABARI

Nakuandikia wewe kwa sababu maofisa habari wa wizara, taasisi na halmashauri huitazama ofisi yako wanapotaka kujua kazi yao ifanyweje.

Mkutano unapotangazwa mubashara, sisi tulioko nyumbani humsikia mzungumzaji vizuri tangu salamu za itifaki hadi ukurasa wa mwisho wa taarifa yake, hata kama taarifa yenyewe imekwisha kugawiwa waandishi kabla hajaanza kuisoma. Hilo tumelizoea. Shida huanza anapokaribisha maswali. Mwandishi husimama huko nyuma, midomo yake ikacheza, na kinachotufikia ni mvumo wa kiyoyozi na mtu anayekohoa. Kisha jibu hutoka kwa sauti safi kabisa: "Hilo ulilosema si kweli, naomba wananchi walipuuze." Tulipuuze lipi?

Chanzo chake kinaonekana kwa macho. Vipaza sauti vyote, vyenye nembo za vituo vya televisheni, redio na zile televisheni za mtandaoni zinazoongezeka kila kukicha, hurundikwa mezani mbele ya kiongozi hadi wakati mwingine kidevu chake hakionekani, ilhali upande wa waandishi hakuna hata kimoja. Kamera huchukua sauti ya meza kuu peke yake. Anayefuatilia kwa redio hata hiyo midomo haioni, na mkalimani wa lugha ya alama, pale anapokuwapo, hawezi kufasiri asichokisikia.

Linaloniudhi zaidi ni desturi ya kukusanya maswali, kwamba "tuchukue matatu kwanza, tutayajibu kwa pamoja." Katika matatu hayo, lililo jepesi hujibiwa kwa kirefu, la pili huambiwa kwamba linafanyiwa kazi, na la tatu, ambalo aghalabu ndilo linalogusa fedha, hupotelea njiani. Aliyeuliza anajua kuwa hakujibiwa. Sisi hatujui, kwa kuwa swali lenyewe hatukulisikia. Sidai kwamba hufanywa makusudi kila mara, maana ni wachache wanaoweza kubeba maswali matatu kichwani bila kuyaandika, lakini kiongozi anayetaka kukwepa hawezi kuandaliwa maficho bora kuliko hayo.

Bungeni hapo Dodoma mambo ni tofauti. Mbunge huuliza kupitia kipaza sauti, swali la msingi lina namba yake, na swali pamoja na jibu huingia katika Taarifa Rasmi, kiasi kwamba mwananchi anaweza kurejea na kuona waziri aliulizwa nini na akajibu nini. Mikutano na waandishi siiombei urasimu wote huo, kwani uchangamfu wake una faida. Hata hivyo, Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa; sioni jinsi jibu lisilo na swali linavyoweza kuhesabiwa kuwa taarifa.

Naomba basi utoe mwongozo kwamba kila mkutano unaorushwa hewani uwe na kipaza sauti kimoja cha mkononi kwa ajili ya waandishi, kilichounganishwa na mitambo ileile inayolisha kamera, na kwamba maswali yajibiwe moja baada ya jingine. Kipaza sauti kikikosekana, kiongozi alirudie swali kwa maneno ya aliyeuliza, bila kulilainisha, ndipo alijibu. Muda ukiisha kabla ya maswali kuisha, yaliyobaki yachapishwe pamoja na majibu yake kwenye tovuti ya taasisi husika. Kuhusu vituo vinavyokimbilia kurejea studio mara tu taarifa inapomalizika kusomwa, najua hilo liko mikononi mwa wahariri wao, ingawa huenda nao wamechoka kurusha ukimya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtazamaji na mlipakodi,
Morogoro