Kwako Mwanaidi, kabla hujaitisha semina

Providence, Rhode Island

Mwanaidi mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na watoto. Huku sisi wazima, baridi tu ndiyo imeanza kupiga hodi.

Ulipoandika kwamba chuo kimekukabidhi dawati la jinsia, nilifurahi hadi nikampigia simu dada yangu Tanga usiku uleule. Kisha nikasoma ulichomalizia: chumba kimoja, meza na muhuri, fungu hakuna, na mkubwa mmoja amekushauri uanze na semina ya siku moja, ya nyuma tuyaache. Tangu hapo nimekuwa nikimfikiria mama mmoja wa huku, Ruth Simmons, na nataka nikusimulie habari zake.

Alizaliwa 1945 Grapeland, Texas, kitinda mimba wa watoto 12. Wazazi wake walilima pamba kwenye ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno. Walipohamia Houston mama yake alisafisha nyumba za watu na kupiga pasi, na alifariki binti akiwa na miaka 15. Siku ya kwenda chuo cha Dillard, New Orleans, walimu wake wa sekondari walimtolea nguo kwenye makabati yao. Mwaka 1973 akapata udaktari wa fasihi Harvard. Alikuwa msomaji mkubwa wa mashairi ya Aimé Césaire wa Martinique.

Mwaka 1995 alikwenda kuongoza Smith, chuo cha wanawake. Wasichana wa pale walikuwa wamesikia hotuba za kutosha kwamba sayansi ni yao pia. Yeye akawaanzishia shahada ya uhandisi, ya kwanza katika chuo cha wanawake Marekani. Wahitimu wa mwanzo walitoka 2004, wakati yeye ameshaondoka, na shahada ipo hadi leo. Hapo ndipo nilipompendea.

Lakini habari yenyewe iko hapa kwetu Providence. Mwaka 2001 alichukua uongozi wa Chuo Kikuu cha Brown, Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza chuo chochote kati ya vile vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vyenye hadhi kubwa Marekani. Mwaka 2003 akaunda kamati ya kuchunguza chuo kilihusika vipi na biashara ya watumwa. Fikiria, mwenzangu: mzao wa watumwa amekaa kwenye kiti cha chuo chenye jina la ukoo wa wafanyabiashara, halafu anaomba madaftari yao yafunguliwe.

Nimeliona moja la madaftari hayo kwa picha, la nahodha wa meli iliyoitwa Sally. Chuo cha Brown kilipata hati ya kuanzishwa kwake 1764, na mwaka huohuo ndugu wanne wa ukoo wa Brown waliituma meli hiyo Afrika Magharibi na zaidi ya galoni 17,000 za pombe ya ramu ya kununulia watu. Nahodha aliandika ramu iliyotoka na watu walioingia. Kisha vifo, kila kimoja na namba yake, kama mwenye duka anavyoandika mali iliyoharibika. Mmoja wa mwanzoni ni mwanamke aliyejinyonga kati ya sitaha. Hana jina. Kati ya watu 196 walionunuliwa, wasiopungua 109 walikufa. Nilipofika mstari wa yule mwanamke nilifunga kompyuta, nikaenda kukaa jikoni.

Ripoti ya kamati ilitoka 2006. Mwaka uliofuata chuo kikaahidi mfuko wa dola milioni 10 kwa ajili ya watoto wa shule za umma za mji huu. Mwaka 2014 ikawekwa kumbukumbu bustanini: kuba la chuma limezama nusu ardhini, na mnyororo mnene unapanda kutoka humo halafu umekatika. Juu, pale ulipokatika, pamesuguliwa hadi panaakisi mawingu. Niliwapeleka akina mama Wakongo ninaowakalimania hospitalini. Mmoja wa Uvira aliushika kwa mikono miwili akauliza, "Hii munyororo, nani aliikata?" Nikamsimulia habari za Ruth, alivyomwaga jasho kulifungua daftari. Akasema, "Aliyeandika hesabu, ndiye."

Sasa nikwambie na la kuumiza. Ruth aliondoka 2023 Prairie View, chuo cha Weusi cha Texas alichokuwa akikiongoza. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kutazama rangi ya mwombaji wakati wa kudahili. Januari 2024 sheria ya Texas ikafunga ofisi za usawa katika vyuo vyote vya umma. Kufuli tu, na baadhi ya watu wakapangiwa kazi nyingine, wengine wakaachishwa. Uhandisi wa Smith hakuna aliyeufunga, kwa sababu uko kwenye mtaala, una walimu na mishahara yake.

Ndiyo maana sitaki dawati lako libaki muhuri na meza. Semina ile iahirishe. Nenda kwa msajili ukaombe majina ya miaka kumi: wasichana wangapi waliingia kila kitivo, wangapi wakamaliza, wangapi waliacha mwaka wa pili na kwa nini. Nenda kwa utumishi, uliza nani alipandishwa cheo baada ya miaka mingapi, wanawake kwa wanaume. Na faili za rushwa ya ngono, ngapi zilifunguliwa, ngapi zilifika mwisho. Watakuambia haziko pamoja. Ziko, shoga yangu, kwenye makabati matatu tofauti. Ukishazikusanya ndipo uombe fungu, na uliombe liingie kwenye bajeti ya chuo, lisiwe la mfadhili wa miezi sita.

Majedwali yakikuzidi nitumie, binti yangu mkubwa ni hodari sana kwa mambo hayo na ameshakubali. Jumapili sina zamu, nipigie saa yoyote baada ya adhuhuri yenu. Na mwambie mama kanga zake nimezipata, moja nimeivaa leo.

Wako,
Zuhura