Vibarua wa melini nao wapewe buti na glovu

Ndugu Mhariri,

Meli za mizigo za Ziwa Nyasa, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja inachukua tani 1,000. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Pasipo na winchi, mzigo wote huo ni bega la kibarua.

Nikiwa kijana nilishusha saruji kwenye boti moja ziwani, miguuni nina kandambili. Mfuko ulipasuka, vumbi likaingia kati ya vidole, jasho likalilowesha. Sikusikia maumivu, nikabeba mpaka jioni. Usiku ngozi ikaanza kubanduka. Mama alidhani nimemwagikiwa na maji ya moto. Wiki tatu sikuweza kuvaa kiatu. Saruji ikilowa ina ukali unaopita wa magadi, inakula ngozi taratibu, na unaposhtuka imeshafika ndani. Buti za mpira na glovu zingetosha kunikinga.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mabaharia wa boti ile walikuwa navyo vyote. Sisi tulihesabiwa watu wa nchi kavu, ingawa kutwa nzima tulikuwa ndani ya chombo chao. Hadi leo naona vijana wetu wa Kyela wakiambiwa kila mtu ajinunulie. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, imeuweka mzigo huo kwa mwajiri.

Niseme na la barakoa, maana hapa watu hufa. Barakoa ya vumbi haiongezi hewa. Tangi au chumba cha chini cha meli kilichofungwa siku nyingi, kutu hunyonya oksijeni yake. Makaa ya mawe nayo hufanya hivyohivyo. Mtu asishuke kabla hewa haijapimwa kwa kipimo, hata kama mwenzake ameanguka mle ndani na anamwona. Na mwera ukivuma, ubao wa kuvukia ukicheza, anayebeba mfuko avae jaketi la kuokolea.

Nawaomba wakaguzi waje bandari za Itungi na Kiwira siku ya kushusha mzigo, si siku ya mkutano. Wamtazame kijana wa mwisho kwenye foleni amevaa nini miguuni. Na kando ya gati pawekwe pipa la maji safi, ili saruji ikimwingia mtu anawe papo hapo.

Mkazi wa Kyela, Mbeya