Somo la wiki: Yakobo 1:19-27

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii tunasoma Yakobo 1:19-27, mistari 9 tu, kwa hiyo msikimbie. Yakobo anataka tuwe wepesi wa kusikia, si wa kusema wala kukasirika. Kwa maoni yangu, hilo linatuhusu hata humu kikundini, maana tunajibizana kabla ya kusoma ujumbe hadi mwisho. Mstari wa 26 ni mkali: asiyeuzuia ulimi wake, dini yake haina maana. Wa 27 unatupeleka kwa yatima na wajane. Zoezi: kila mmoja amsikilize mtu mmoja bila kumkatiza, hasa yule anayemchosha (ndiyo, hata mwenzi wako). Shuhuda Jumamosi jioni, kwa ufupi tafadhali.