Kwa Nini Hatupigi Chanjo ya Mkanda wa Jeshi Iliyokuja Mkobani

Hivi karibuni mteja mmoja aliondoka katika kliniki yetu ya Chake Chake, Pemba, akiwa amekasirika sana. Alikuwa amemnunulia mama yake mzazi chanjo ya mkanda wa jeshi Dar es Salaam, akalala nayo usiku mmoja kwa jamaa zake Unguja, kisha akapanda boti hadi Mkoani, chupa zikiwa zimelazwa juu ya barafu ndani ya mfuko wa plastiki. Tulikataa kumpiga mama yake sindano ile, naye akatuambia wazi kwamba tunataka kumlazimisha anunue kwetu. Maneno hayo tumeshayasikia kwa wengi, na kwa kuwa yanagusa uaminifu wetu, tumeona tuyajibu kwa maandishi.

Mkanda wa jeshi unatokana na virusi vilevile vya tetekuwanga. Aliyeugua tetekuwanga utotoni hupona, lakini virusi hubaki vimelala kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, na kinga inaposhuka kwa umri au kwa maradhi, huamka na kuifuata neva moja hadi kwenye ngozi; ndiyo sababu malengelenge hukaa upande mmoja wa mwili. Wengi huogopa kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mgonjwa hufa, jambo ambalo halina ukweli. Sisi tunachokihofia zaidi ni maumivu ya neva yanayobaki baada ya ngozi kupona, ambayo kwa wazee huweza kudumu miezi mingi na hata miaka, na pia mkanda unaotokea usoni karibu na jicho. Mzee mmoja wa Wete, mkulima wa karafuu, aliletwa kwetu akiwa ameshakaa nyumbani karibu wiki nzima akipakwa majani na kunyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani. Tulimpeleka kwa daktari wa macho siku ileile, lakini uoni wake haukurudi kama ulivyokuwa. Hatumzuii mtu kombe wala dua; tunachoomba ni kwamba mgonjwa aletwe siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kupambana na virusi hivi hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze.

Chanjo tunayoiagiza ni Shingrix, inayotolewa kwa watu wenye miaka 50 na kuendelea, na kwa watu wazima wenye umri mdogo zaidi ambao kinga yao imedhoofika. Haina virusi hai, kwa hiyo haiwezi kumtia mtu mkanda. Katika majaribio yake makubwa, dozi mbili ziliwakinga watu wa miaka 50 hadi 69 kwa takriban asilimia 97, na wenye miaka 70 na zaidi kwa takriban asilimia 91. Haitibu mkanda ulioshatoka. Mwenye vipele atibiwe kwanza, achanjwe baada ya kupona.

Sasa turudi kwenye barafu, maana hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Boksi moja lina chupa mbili, moja ya unga na moja ya maji ya kuuchanganyia, na maji hayo yana kiungo cha kuiamsha kinga, kwa hiyo hayawezi kubadilishwa na maji mengine ya sindano. Chupa zote mbili hutakiwa kukaa baina ya nyuzijoto 2 na 8 za Selsiasi, na iliyowahi kuganda mtengenezaji anaagiza itupwe. Watu wengi wanajua kwamba joto huharibu chanjo, ila hawajui kwamba barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza, ikigusana na chupa, huweza kuiharibu vilevile. Sisi vibarafu vyetu, yaani pakiti za plastiki zenye maji yaliyogandishwa, tunaviacha nje kwanza mpaka tukivitikisa tusikie maji yanacheza ndani, ndipo tunavipanga kwenye kasha, na kipimajoto husafiri humo pamoja na chanjo. Chupa ya yule bwana ilikuwa inang'aa na boksi lake zuri, lakini hakuna jicho linaloweza kusoma joto la usiku uliopita. Kumpiga mama wa watu sindano ile na kumwambia ameshakingwa kungekuwa kumdanganya.

Bei yetu inalalamikiwa kuwa ni kubwa, nasi hatukatai kwamba ni fedha nyingi kwa familia ya Pemba. Ndani yake mna chanjo yenyewe, ambayo ni ghali tangu huko inakotoka, usafirishaji wake, na friji linalokaguliwa asubuhi na jioni. Umeme wetu unatoka Tanga kwa waya uliopitishwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na unapokatika usiku, kuna mfanyakazi wetu anayekuja kuwasha jenereta. Gharama hiyo hatuwezi kuiondoa na bado tukakuhakikishia kilichomo ndani ya chupa.

Wapo pia wanaotaka kulipia dozi moja tu, wakisema sindano ya homa ya uti wa mgongo waliyopigwa kwa ajili ya Hija ilikuwa moja. Hii ni mbili, na ya pili hupigwa miezi 2 hadi 6 baada ya ya kwanza; asilimia tulizozitaja ni za waliopata zote mbili. Mwalimu mmoja mstaafu wa skuli alipata homa na maumivu ya mkono baada ya dozi ya kwanza, akaamini tumempa ugonjwa, asirudi tena. Homa, uchovu na mkono kuuma ni mambo ya kawaida kwa chanjo hii, na mara nyingi huisha kwa siku mbili au tatu. Alirejea mwaka uliofuata, baada ya jirani yake kushikwa na mkanda, akidhani atalipishwa upya dozi zote mbili. Tulimpiga ya pili tu, kwani aliyechelewa hahitaji kuanza tena.

Anayetaka kuchanjwa hutuarifu kwanza, tukamwagizia boksi kwa jina lake, na dozi ya pili huilipia itakapofika siku yake. Mwenye dozi ya kwanza aliyoipata Muscat, London au kwingineko aje na kadi yake, tutaendelea palipoachwa. Boksi linapofika, mteja ana haki ya kuomba asome kipimajoto cha kasha mwenyewe kabla hatujafungua chupa, na akikuta joto limetoka nje ya kiwango halipi chochote.