Kimiani si atomu: ombi kwa wanaochora na kufundisha habari za fuwele

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuzungumzie jambo linalowasumbua wanafunzi wengi wa kidato cha tano na cha sita huku Nyanda za Juu Kusini, na ambalo vijitabu vya mazoezi navyo hulikoroga. Mwanafunzi akiulizwa fuwele ya chumvi (fuwele ni kitu kigumu ambacho atomu zake zimepangwa kwa utaratibu unaojirudia) imejengwaje, huchora mchemraba wenye vidoa vya rangi mbili, akaandika chini yake "kimiani". Alichochora ni muundo wa fuwele. Kimiani ni kitu kingine, na asiyeelekezwa hawezi kukiona katika mchoro huo.

Kimiani ni mpangilio wa nukta tupu. Hakina atomu wala uzito. Sharti lake ni moja: ukisimama kwenye nukta yoyote na kutazama pande zote, uone yale yale ambayo ungeyaona ukiwa kwenye nukta nyingine yoyote, kwa umbali ule ule na kwa upande ule ule. Kisha kuna kikundi cha atomu. Kinaweza kuwa na atomu moja, mbili, kumi na mbili, au maelfu kama ilivyo katika fuwele za protini. Ukikiweka kikundi hicho kwenye kila nukta, bila kukigeuza wala kukipunguza, ndipo unapopata muundo wa fuwele. Vyote viwili vinahitajika. Mtu akikupa kimiani peke yake hajakuambia ni madini gani, na akikupa kikundi peke yake hajakuambia kimepangwaje.

Shamba la mahindi laweza kusaidia hapa, kwa kuwa hakuna mwanafunzi wa Mbozi au Mufindi asiyelijua. Ushauri wa kawaida wa kilimo ni sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na 30 kati ya shimo na shimo ukiacha mche mmoja. Au 75 kwa 60 ukiacha miche miwili. Kwa hekta moja, njia zote mbili zinatoa miche 44,444. Ila mashimo ya njia ya kwanza ni 44,444 na ya pili ni 22,222. Mashimo ndiyo kimiani, na kinachoachwa shimoni ndicho kikundi. Sasa panda haragwe katikati kabisa ya kila mstatili wa mashimo manne ya mahindi. Je, umepata kimiani cha mstatili wenye nukta katikati? Hapana. Aliyesimama penye hindi amezungukwa na maharage manne, aliyesimama penye haragwe amezungukwa na mahindi manne. Hawaoni kitu kimoja. Kimiani kimebaki kile kile cha mstatili mtupu, na kikundi kimekuwa cha vitu viwili. Ungepanda hindi pale katikati, hapo ndipo nukta ya katikati ingekuwa nukta halali.

Mwanafunzi aliyelielewa shamba hilo hatakosea tena swali linaloangusha wengi: chuma na kloridi ya sesiamu. Chuma cha kawaida kina atomu kwenye vipeo vya mchemraba na nyingine katikati, zote za chuma. Kimiani chake ni mchemraba wenye nukta katikati ya mwili, kikundi ni atomu moja, na upande wa mchemraba ni nanometa 0.287 (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya meta). Kloridi ya sesiamu ina sesiamu vipeoni na klorini katikati, upande nanometa 0.412. Kwa macho michoro inafanana, lakini kimiani cha hii ya pili ni mchemraba sahili, na kikundi ni ioni mbili, yaani atomu zilizopoteza au kupokea elektroni. Ukitoka kwenye sesiamu kwenda katikati unakutana na klorini, kwa hiyo hatua hiyo haikufikishi kwenye nukta nyingine ya kimiani.

Chumvi ya mezani ndiyo inayostahili kushikwa kwa mikono, na shule yoyote inaweza kuijenga kwa udongo wa mfinyanzi na vijiti vya kuchokolea meno. Tumia kipimo cha sentimita 1 kwa nanometa 0.1. Finyanga mipira 14 ya klorini yenye kipenyo cha sentimita 3.6 na mipira 13 ya sodiamu ya sentimita 2.0. Upande wa mchemraba utakuwa sentimita 5.6. Klorini zikae kwenye vipeo 8 na katikati ya nyuso 6. Sodiamu zikae katikati ya kingo 12, na moja katikati ya mwili. Hapa kuna mambo mawili ya kuangalia. Wengi hufanya sodiamu iwe kubwa kuliko klorini kwa sababu wamechukua vipimo vya atomu badala ya vya ioni. Sodiamu ikishapoteza elektroni husinyaa, klorini ikipokea hutanuka. Na udongo nao husinyaa ukikauka, kwa hiyo pima mipira ikishakauka, si ikiwa mibichi, la sivyo itapwaya na vijiti vitabeba umbo lote. Ukiiunganisha sawasawa, sodiamu na klorini zitagusana kwenye kingo, lakini klorini na klorini hazitagusana kwenye ulalo wa uso. Kutabaki nafasi ya karibu milimita 4.

Sasa chukua rangi nyekundu, weka doa kwenye kila klorini. Madoa hayo ndiyo nukta za kimiani: vipeo na katikati ya nyuso. Kutoka kila doa, songa nusu ya upande kuelekea kulia. Kila mara utakutana na sodiamu. Kwa klorini za upande wa kulia sodiamu inaangukia nje, ndani ya mchemraba wa jirani, na hilo si kosa. Hivyo kikundi ni klorini moja kwenye doa na sodiamu moja nusu ya upande kulia kwake, basi. Hakuna vimiani viwili vilivyopandana, kimoja cha sodiamu na kingine cha klorini, kama baadhi ya maelezo yanavyosema. Kimiani ni kimoja. Ungeweka madoa kwenye sodiamu badala yake, ungepata kimiani kile kile, kimesogezwa tu.

Kosa la hesabu linakuja hapa. Mwanafunzi anahesabu mipira 14 na 13, anashangaa kwa nini fomula ni sodiamu moja kwa klorini moja. Mpira wa kwenye kipeo unagawanywa na michemraba 8, wa ukingoni michemraba 4, wa kwenye uso michemraba 2. Wa katikati ya mwili tu ndio wa mchemraba huo peke yake. Klorini ni 8 gawanya kwa 8, jumlisha 6 gawanya kwa 2, jumla 4. Sodiamu ni 12 gawanya kwa 4, jumlisha 1, jumla 4. Kosa lingine ni la aliyekwenda mbali kidogo: anasema kimiani kina nukta 4 kwa mchemraba, ambayo ni kweli, kisha anaweka ioni zote 8 kama kikundi kwenye kila nukta, akapata ioni 32. Amehesabu mara nne. Ukichagua nukta 4, kikundi ni ioni 2. Ukichagua kuuchukua mchemraba wote kama kipande kimoja cha kurudiwa, kikundi ni ioni 8 na nukta ni 1. Chagua njia moja ushikamane nayo.

Majibu haya yanaweza kupimwa, na tunasikitika kwamba hatua hii huachwa. Mchemraba wa nanometa 0.564 una ujazo wa sentimita za ujazo 1.794×10⁻²². Uzito wa jozi 4 za sodiamu na klorini ni 4 mara 58.44 (gramu za moli moja ya chumvi), gawanya kwa 6.022×10²³ (idadi ya jozi katika moli moja), yaani gramu 3.88×10⁻²². Gawanya, upate gramu 2.16 kwa sentimita ya ujazo. Aliyehesabu mipira 14 na 13 mizima atapata 7.36, na aliyeweka ioni 32 atapata 8.65, yaani chumvi nzito kuliko chuma, ambacho ni 7.87. Kuthibitisha, kausha gramu 50 za chumvi ya mawe, uzitumbukize kwenye silinda yenye mililita 50 za mafuta ya taa (si maji, itayeyuka). Mafuta yatapanda hadi mililita 73 hivi. Yakipanda zaidi, kuna hewa imenaswa kati ya chembe. Tikisa taratibu hadi vipovu vitoke. Fanya kazi hiyo mbali na moto.

Tukitoka maabara, mikoa yetu ina mifano ambayo wengine wanaisoma kwenye picha tu. Kimondo cha Mbozi kina chuma takribani asilimia 90 na nikeli karibu asilimia 9. Metali ya vimondo vya namna hii ikiwa ya moto sana, atomu zake hukaa kwenye kimiani chenye nukta katikati ya nyuso. Ilipopoa, polepole kiasi cha kuhesabiwa kwa nyuzi katika kila miaka milioni, sehemu kubwa ilihamia kwenye kimiani chenye nukta katikati ya mwili, na nikeli nyingi ikabaki kwenye vipande vyembamba vya kimiani cha zamani. Vipande hivyo vilifuata mielekeo maalumu ya fuwele ya mwanzo, ndiyo maana kipande kilichokatwa, kikasuguliwa na kupakwa asidi hafifu ya naitriki huonesha mistari inayokatizana. Kikundi katika hali zote mbili ni atomu moja. Kilichobadilika ni kimiani. (Hatumshauri mtu kwenda na msumeno kule Mbozi, vipande vilivyokwisha kukatwa viko kwenye makumbusho, na picha zake zinatosha darasani.)

Chunya ina mfano wa upande wa pili. Kwenye mawe yenye dhahabu kuna piraiti, madini ya chuma na salfa, inayong'aa njano na kuwadanganya wageni wa kazi. Dhahabu ni rahisi: nukta katikati ya nyuso, atomu moja kwa nukta, upande nanometa 0.408, gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo. Piraiti ukiitazama haraka utadhani ni chumvi: chuma kwenye vipeo na nyuso, na mahali pa ioni nyingine kuna jozi ya salfa, mbili mbili zimeshikana. Lakini kila jozi imelala kwenye ulalo wa mwili wa mchemraba, na jozi nne za mchemraba mmoja zimeelekea njia nne tofauti. Aliyesimama kwenye chuma cha kipeo na aliyesimama kwenye chuma cha uso wanaona jozi zimelala vingine. Nukta za nyuso zinakufa. Kimiani kinabaki mchemraba sahili, na kikundi kinakuwa cha atomu 12: chuma 4 na salfa 8.

Hili linaonekana kwa macho. Chukua mchemraba mzuri wa piraiti, uelekeze kwenye mwanga wa pembeni: nyuso zake mara nyingi zina michirizi laini, na michirizi ya uso mmoja inakwenda pembe mraba na ya uso wa jirani. Mchemraba wenye ulinganifu kamili haungeruhusu michirizi ya upande mmoja tu, kwa kuwa ukiuzungusha robo mzunguko ungepaswa kufanana na ulivyokuwa. Piraiti hairudi sawa kwa robo mzunguko, kwa nusu tu. Mchimbaji anayetaka uhakika agonge kwa nyundo ndogo: dhahabu hutandazika, piraiti huvunjika. Densiti yake ni 5.0, robo ya dhahabu.

Na magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, ya Liganga kule Ludewa: nukta katikati ya nyuso, kikundi cha atomu 14, yaani chuma 6 na oksijeni 8, upande nanometa 0.840. Vanadiamu, metali nyingine iliyomo, imekalia baadhi ya nafasi za chuma ndani ya kikundi, kimiani kikiwa kile kile. Ndiyo sababu kusaga na kuvuta kwa sumaku peke yake hakuitoi: kusaga hutenganisha chembe na chembe, hakutoi atomu ndani ya kikundi. Lazima kuwe na moto na kemia.

Kuhusu idadi ya vimiani tutapita haraka, kwa sababu wanafunzi huikariri bila shida. Mwaka 1848 Auguste Bravais wa Ufaransa alionesha kwamba vimiani vya aina zote ni 14. Mjerumani Frankenheim kabla yake alihesabu 15, kumbe viwili vilikuwa kimoja. Muundo wa magnesiamu na zinki, wa tabaka zilizobanana za pembesita, hauko kati ya hivyo 14, na wanafunzi huutafuta bure. Ni kimiani sahili cha pembesita chenye kikundi cha atomu mbili.

Lakini eksirei, ambayo ikipita ndani ya fuwele hutawanyika kwa miale inayoonesha mpangilio wake, isiachwe. Tangu kazi ya Max von Laue mwaka 1912 na ya akina Bragg, baba na mwana, mwaka 1913, tunajua kwamba kimiani huamua miale itaangukia wapi, na kikundi huamua itakuwa na nguvu kiasi gani. Kloridi ya potasiamu ina muundo wa chumvi, lakini ioni zake zote mbili zina elektroni 18, hivyo kwa eksirei zinakaribia kufanana. Baadhi ya miale inafifia hadi kutoonekana, na fuwele inajionesha kama mchemraba sahili wenye upande wa nusu. Kwa chumvi ya kawaida, ioni ya sodiamu ina elektroni 10 na ya klorini 18, na miale hiyo inaonekana.

Ombi letu kwa wanaoandaa michoro ya vitabu, na kwa ukurasa wako wa elimu, Mhariri, ni hili. Chora picha tatu: nukta tupu, kisha kikundi peke yake na viwianishi vya kila atomu (namba za mahali ilipo, kwa sehemu za upande wa mchemraba), kisha muundo wenyewe. Kwa chumvi viwianishi ni klorini 0, 0, 0 na sodiamu ½, 0, 0. Kwa almasi, ambayo kimiani chake ni kile kile cha chumvi, ni kaboni 0, 0, 0 na kaboni ¼, ¼, ¼. Na anayesahihisha mitihani asimpe alama mwanafunzi aliyeandika "kimiani cha sodiamu na klorini" mpaka ataje nukta ziko wapi na kwenye kila nukta kuna nini.

Walimu wa fizikia na kemia,
Mbeya